Namna ya Kuandika Filamu ya Katuni ya Vichekesho Kuhusu Wanyama Walio Safarini

Filamu ya katuni inayowachekesha watoto na wazazi wao kwa wakati mmoja, huku wahusika wake wakiwa wanyama walio safarini, huonekana kazi nyepesi mpaka mtu anapokaa kuiandika. Makosa mengi huanzia mahali pamoja: mwandishi humchukua binadamu, humvisha ngozi ya simba au manyoya ya bata, kisha humwacha aseme na atende kama jirani yeyote. Mtazamaji hucheka anapomwona simba akipiga mswaki, lakini ifikapo dakika ya kumi kichekesho hicho kimekwisha nguvu, kwa kuwa simba huyo angeweza kugeuzwa punda na hadithi isipungukiwe na kitu. Ninachoshauri hapa ni njia iliyo kinyume na hiyo. Anza na mwili wa mnyama halisi pamoja na tabia yake halisi, kisha ubuni safari itakayoufanya mwili huo uwe shida kubwa kwanza na msaada mkubwa baadaye. Vichekesho, mazungumzo na hata gharama za uchoraji vitatokana na uamuzi huo.

Mwili kwanza, jina baadaye

Wahusika wakuu watatu wanatosha kwa filamu ya kwanza. Kabla ya kumpa yeyote jina, mchunguze kama wanavyomchunguza wataalamu wa viumbe: anakula nini, analala saa ngapi, anasikiaje, anaogopa nini, na zaidi ya yote, ni jambo gani asiloliweza kabisa. Katika vichekesho udhaifu una thamani kuliko uwezo, na udhaifu wa kweli una thamani kuliko ule wa kubuni, kwa sababu mtoto anayeutambua hujifunza jambo bila kuhisi kwamba anafundishwa. Tembo hawezi kuruka. Bundi hawezi kuyazungusha macho yake, hivyo hulazimika kuigeuza shingo, na anaweza kuigeuza kufikia nyuzi 270. Kiboko, ingawa hushinda majini, haogelei kama wengi wanavyodhani, bali hutembea na kujisukuma kwa miguu juu ya sakafu ya mto. Kila moja ya kweli hizi ni onyesho linalosubiri kuandikwa.

Nitautumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Tuseme wahusika wetu ni mtoto wa kiboko, pimbi na kinyonga. Ngozi ya kiboko hukauka na kupasuka ikikaa juani muda mrefu, ndiyo maana mnyama huyu hutoka kwenda malishoni usiku. Ngozi hiyo pia hutoa majimaji mekundu yanayoikinga na jua, ambayo asiyeyajua huyadhania kuwa damu. Pimbi ana uzito wa kilo chache tu na mwili wake haulidhibiti vizuri joto, kwa hiyo kila asubuhi hana budi kuota jua juu ya mawe kabla ya kufanya lolote; hata hivyo, miongoni mwa wanyama walio hai leo, ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Kinyonga naye huyazungusha macho yake mawili, kila moja upande wake, hubadilika rangi kufuatana na hisia na joto zaidi kuliko kwa ajili ya kujificha, na usiku hulala huku rangi yake ikipauka.

Waweke hawa watatu pamoja uone kinachotokea. Mmoja analikimbia jua, wa pili hawezi kuanza siku bila jua, na wa tatu anasinzia saa ileile ambayo safari inapaswa kuanza. Hujaandika neno hata moja la mzaha, na tayari kuna ugomvi wa kuchekesha ambao hakuna mwenye makosa ndani yake. Ugomvi wa namna hiyo ndio mafuta ya filamu ya familia, kwa sababu watazamaji wanaweza kumpenda kila mmoja wa wanaogombana.

Kuhusu wahusika waliorithiwa, nina tahadhari moja. Sisi wasomaji wa Kiswahili tumekua na sungura mjanja na fisi mlafi, na hakuna ubaya kuwatumia, lakini mtazamaji anajua watafanya nini kabla hawajafanya. Rudi kwa mnyama mwenyewe na utapata jambo jipya. Fisi madoa, kwa mfano, ni mwindaji hodari, na katika kundi lake majike ndio wanaotawala. Fisi aliye mama mkuu wa ukoo, mkali, mwenye utaratibu na anayewaheshimu wanaosema kweli, ni mhusika wa kupendeza kuliko yule fisi wa siku zote anayekimbilia mfupa.

Safari yenye saa ndani yake

Safari inahitaji mahali pa kufika, sababu ya kufika, na kikomo cha muda. Waandishi wengi huvipata viwili vya kwanza kwa urahisi, kisha hukitafuta cha tatu nje ya hadithi, kwa kuweka shindano au sherehe itakayofanyika siku fulani. Kikomo kizuri zaidi kimo ndani ya mwili wa mhusika. Katika mfano wetu, mafuriko yamemchukua mtoto wa kiboko na kumtupa mbali na bwawa la mama yake, na kati ya hapo na nyumbani kuna uwanda mkavu wa mwendo wa usiku tatu. Kila alfajiri ni lazima awe amefika penye maji au tope, la sivyo jua litamwunguza. Mtazamaji wa miaka mitano hahitaji kuelezwa hatari hiyo kwa maneno; akiona tu anga inaanza kuwa nyekundu, atasogea mbele kwenye kiti.

Panga vituo vya safari kufuatana na udhaifu wa wahusika, wala si kufuatana na uzuri wa mandhari. Kituo cha kwanza kiuguse udhaifu wa Pimbi, cha pili wa Kinyonga, cha tatu wa Kiboko, na kila kituo kibadilishe namna wanavyotazamana. Kituo ambacho kikiondolewa hadithi inabaki vilevile, kiondoe hata kama kina wimbo uliokugharimu mwezi mzima.

Acha nikieleze kwa undani kituo cha pili, kwa kuwa ndani yake kuna karibu yote ninayotaka kuyasema. Alasiri moja watatu hao wamejificha chini ya mti ulioanguka kando ya dimbwi, na fisi wanapita karibu. Kinyonga na Pimbi wamegombana asubuhi, na hasira bado haijamtoka Kinyonga, hivyo rangi zake zinang'aa kama taa hata fisi wakaanza kugeuza vichwa. Anajitahidi kutulia, lakini kadiri anavyojilazimisha ndivyo anavyozidi kung'aa. Njia pekee ya kuokoka ni Pimbi kumwomba radhi, kwa kunong'ona, hapo hapo, na kwa moyo wa kweli, kwa sababu radhi ya uongo haibadilishi rangi ya mtu. Jaribio la kwanza halina ukweli: rangi inazidi. La pili lina ukweli nusu: rangi inafifia kisha inarudi. La tatu Pimbi anasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa yeyote, na Kinyonga anakuwa kijivu kama gogo. Mtoto anacheka kwa sababu ya rangi, mzazi anacheka kwa sababu anaujua ugumu wa kuomba radhi, na wote wawili wameshikwa na hofu ileile ya fisi. Onyesho hili lisingewezekana kwa mnyama mwingine yeyote, na huo ndio mtihani ninaoupendekeza kwa kila onyesho utakaloandika.

Udhaifu wa mhusika mkuu uuhifadhi kwa mwisho. Tangu mwanzo wa filamu Kiboko anaona aibu kwamba bata na samaki wanaogelea, ilhali yeye hawezi. Usiku wa tatu wanafika kwenye mto mpana, na bwawa la mama yake liko ng'ambo. Hapo anagundua kwamba hana haja ya kuogelea: anashuka, anatembea juu ya sakafu ya mto, na kwa kamba ya mzabibu mwitu aliyoiuma anavuta gogo walilolikalia wenzake, akiibuka mara kwa mara kuvuta pumzi. Aibu ya mwanzo imekuwa daraja, na hakuna aliyelazimika kutoa hotuba kuhusu kujikubali.

Nani anamla nani?

Swali hili litakusumbua usipolijibu mapema, kwani watoto huliuliza wote. Ikiwa wanyama wote wanazungumza na ni marafiki, simba anakula nini? Kinyonga hula wadudu. Basi wadudu katika filamu yako hawawezi kuwa na majina na mama zao, la sivyo rafiki yetu mpole atageuka mwuaji machoni pa watazamaji. Unaweza kuamua kwamba wadudu hawasemi kamwe, au kwamba uwindaji upo lakini hauonyeshwi, au kwamba wanyama wakali wana kanuni zao wanazoziheshimu. Amua pia kama binadamu wapo na kama wanaisikia lugha ya wanyama. Andika sheria hizo kwenye karatasi moja kabla ya ukurasa wa kwanza, kisha usizivunje hata kwa ajili ya kichekesho kitamu, maana mtoto akishaona kwamba lolote linawezekana, haogopi tena na hivyo hacheki tena.

Kicheko na lugha yake

Kichekesho cha kujirudia hakina budi kubadilika kila kinaporudi. Pimbi anajigamba kwamba yeye ni ndugu wa tembo. Mara ya kwanza wenzake wanacheka hadi kugaragara. Mara ya pili majigambo yake yanawaingiza matatani, kwa sababu kuna mtu ameyaamini na anamtaka auangushe mti kwa mkonga ambao hana. Mara ya tatu wanakutana na tembo wa kweli, mkubwa na mwenye kuogofya, ambaye anamtazama Pimbi kwa muda mrefu na kumwamkia kama jamaa. Watazamaji watacheka kwa mshangao, na wakubwa kadhaa watafuta machozi. Kama mara zote tatu wangeyacheka majigambo yaleyale kwa namna ileile, kicheko cha tatu kingekuwa cha adabu tu.

Katika jambo hili Kiswahili kinampa mwandishi hazina ambayo sioni ikitumiwa vya kutosha. Sarufi yetu imewapa wanyama nafsi tangu zamani: tunasema fisi amekuja, kama tunavyosema mtu amekuja. Ukimwondoa mnyama kwenye upatanisho huo, umemshusha hadhi kwa silabi moja. Waache fisi wamwite Pimbi "kijinyama hiki" na waulize "kimetoka wapi?", na umwonyeshe akivimba kwa uchungu kila asikiapo "ki" hiyo. Mtu mwingine amtishe Kiboko kwa kumwita "jinyama lile". Kisha tembo, mwenye mwili wa kumfanya kila mtu awe kijinyama, aseme kwa utulivu: "Ndugu yetu amefika." Mtoto hataweza kueleza ngeli ni nini, lakini sikio lake litapokea heshima hiyo barabara. Mswada ulioandikwa kwa lugha nyingine ukatafsiriwa hauwezi kuwa na kitu hiki, na ninatamani sana kukiona kwenye skrini.

Hazina ya pili ni tanakali za sauti. Mwandishi anapoandika kwamba Pimbi ameanguka, mchoraji hajui chochote. Akiandika kwamba ameanguka matopeni tapwi, majini chubwi au mchangani tifu, mchoraji amepata uzito, kasi, na jinsi ardhi inavyoupokea mwili, na fundi wa sauti amepata kazi yake pia. Kumbuka tu kwamba kicheko cha kuanguka hukaa kabla ya anguko lenyewe, katika ule muda mfupi ambapo mhusika ameshajua kinachomjia na bado yuko hewani. Uandike muda huo kama sentensi inayojitegemea ili asiwepo wa kuuruka.

Vichekesho vya kuwalenga wazazi juu ya vichwa vya watoto havinifurahishi, hasa vile vyenye maana chafu iliyofichwa. Andika kichekesho kimoja chenye tabaka mbili za maana, kama lile onyesho la kuomba radhi. Usimcheke Kiboko kwa unene wake. Uzito wake uvunje tawi, uzibe njia, au uzuie mlango usifunguliwe na adui, lakini mwili wake usitukanwe na filamu inayojiita ya familia. Vivyo hivyo usimpe mhusika mbaya lafudhi ya kabila fulani ili kuokoa muda wa kumjenga. Watoto wa watu hao nao watakuwa wameketi wakitazama.

Kutoka ukurasani hadi kwenye mchoro

Mswada wa filamu huandikwa kwa wakati uliopo na huwa na yale tu yanayoonekana au kusikika. Sentensi kama "Pimbi anajisikia mpweke" haichoreki. Andika kwamba Pimbi amejikunja juu ya jiwe lililokwisha kupoa, anatazama vivuli viwili vya wenzake vikiwa pamoja, kisha anajikunja zaidi. Kwa makadirio ya kawaida ukurasa mmoja huwa dakika moja ya filamu, ingawa kurasa zenye vitendo vingi huzidi kipimo hicho. Filamu ndefu ya familia huwa na kurasa 80 hadi 100 hivi. Kwa anayeanza ninashauri dakika sita, yaani kituo kimoja cha safari, na kituo cha kinyonga aliyekasirika kingetosha.

Mwandishi anapaswa kujua gharama ya sentensi zake. Filamu huonyesha fremu 24, yaani picha tuli 24 zinazofuatana, kwa sekunde. Katika katuni za kuchorwa, mara nyingi mchoro mmoja hutumika kwa fremu mbili, hivyo sekunde moja huhitaji michoro 12. Dakika sita ni sekunde 360, sawa na michoro 4,320 kwa mhusika mmoja anayesogea muda wote, na sisi tunao watatu. Ukiandika "kundi la nyumbu elfu moja linavuka mto", umemaliza fedha kwa mstari mmoja. Katika katuni za kompyuta hesabu ni nyingine, lakini maji, manyoya marefu na makundi makubwa bado ni ghali, na kila mnyama mpya lazima aundwe upya kuanzia mifupa hadi ngozi. Kundi la fisi linaweza kusikika gizani, likaonekana kwa jozi tatu za macho, na likatisha zaidi. Safari yetu ya usiku, yenye mhusika mkuu asiye na manyoya, ina faida hiyo pia.

Mwendo wa mnyama nao uuchunguze kabla ya kuukabidhi kwa mchoraji, kwani macho hudanganywa kwa urahisi. Mwaka 1878 mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera nyingi kando ya njia ya farasi huko Marekani, na picha zake zikaonyesha kwamba farasi anayekimbia huwa na nukta ambapo miguu yote minne imeachana na ardhi, na kwamba nukta hiyo hutokea miguu ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, wala si ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma kama wasanii wengi walivyokuwa wakiichora. Ngamia hupeleka mbele miguu miwili ya upande mmoja karibu kwa pamoja, na ndiyo sababu mpandaji wake huyumba. Kinyonga hupiga hatua, husita, huyumba mbele na nyuma kama jani, kisha huikamilisha hatua hiyo. Muweke huyo mbele ya wenzake wanaokimbizana na alfajiri na hutahitaji kuandika mzaha mwingine.

Mswada ukikamilika, chora kila tukio kwa penseli katika visanduku vinavyofuatana, hata kama huna kipaji cha kuchora. Vijiti vyenye vichwa vinatosha. Visanduku hivyo vikipangwa kwenye video kwa muda wake halisi, pamoja na sauti za muda zilizorekodiwa hata kwa simu, hupatikana kile ambacho watu wa kazi hii hukiita animatiki. Waonyeshe watoto wachache wa umri unaoulenga. Usiwaulize kama wamependa, kwa kuwa watoto wana adabu na watasema ndiyo. Kaa pembeni utazame miili yao. Wanapoanza kuchezea viatu, andika dakika na sekunde. Wanapocheka mahali usipotarajia, andika pia, maana huenda hapo ndipo filamu yako ilipo. Ikiwa mtoto anauliza swali kuhusu jambo ulilodhani liko wazi, tatizo huwa kurasa kadhaa nyuma ya pale alipoulizia.

Rekebisha, onyesha tena kwa watoto wengine, kisha uwaite waigizaji wa sauti. Sauti hurekodiwa kabla ya uchoraji kamili, kwa sababu midomo, mabega na hata pumzi za wahusika huchorwa kufuata sauti hizo. Warekodi pamoja wale wanaogombana katika onyesho, chumba kikiruhusu, ili wakatizane kama watu wanavyokatizana, na muwekee mwigizaji wa Pimbi nafasi ya kurudia ile radhi ya tatu mara nyingi kadiri anavyotaka. Baada ya hapo funga mswada, kwani kuanzia siku mchoraji atakapoanza kazi, neno moja utakalolibadilisha litamaanisha kurekodi upya na kuchora upya kila mdomo ulioligusa.